Leso Yangu kwenye Mlingoti wa Kiwanja cha Ndege

Kwako Baba Odhiambo, mume wangu,

Pokea salamu kutoka kwa mkeo aliye katika joto la Turkana. Mgongo umeacha kukusumbua? Yule ng'ombe wa madoadoa amezaa? Na Okoth amemaliza kushona wavu wake au bado anautazama tu? Mimi ni mzima. Jua limeniunguza kidogo, lakini ukiniona bado utanijua.

Najua una swali kubwa mdomoni. Lizuie kwanza, soma mpaka mwisho.

Usishangae pia kwamba naandika Kiswahili. Akiru, mke wa mwana wetu, ameketi hapa kando yangu ananyonyesha, na kila mstari ninamsomea. Dholuo, lugha yetu, bado hajaijua. Nataka asikie ninavyomsifu. Ni mrefu kuliko wake wote wa ndugu zako, na hana maneno mengi. Hata jina lake ni la mvua, kama la Okoth wetu.

Ulinituma huku nimlete Odhiambo nyumbani ajenge, kwa sababu ndiye mkubwa, na Okoth hawezi kusimamisha hata nguzo moja kabla ya kaka yake. Na wale wazazi wa msichana wa Oyugis, mchumba wa Okoth, wamechoka kungoja, wanataka kumpeleka binti yao kwingine. Hayo yote nilimwambia Odhiambo siku niliyofika, kabla hata sijanywa maji. Akanijibu, "Mama, nikiondoka hapa ndege zitatua juu ya mbuzi."

Nilidhani ananidanganya. Baba Odhiambo, kijana hakunidanganya. Kiwanja chenyewe si kama kile cha Kisumu. Ni barabara ya udongo mwekundu katikati ya miiba, na banda la mabati la abiria kungojea, na mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Basi. Lakini dawa za dispensari, barua, mwalimu mgeni, mama aliyeshindwa kujifungua, wote wanapitia hapo. Na anayesema leo ndege itue au isitue ni mwana wetu, peke yake. Anafukuza wanyama, anaokota mawe, na mvua ikinyesha anatembea barabara nzima akiikanyaga kwa kisigino aone kama imelainika. Wazee wenye fimbo na vigoda vyao wanamwamkia wao kwanza! Waambie hivyo wale waliosema alikimbia kazi ya miwa Awendo kwa uvivu.

Sasa, nyumba aliyopewa ni ya chumba kimoja, nawe wajua siwezi kulala ndani ya nyumba ya mwanangu, hata kama ni Turkana. Akiru alilia, akadhani namchukia. Nikamwambia, "La, binti yangu, kwetu mama halali kwa mwanawe, ni heshima tu." Nikabeba mkeka, nikahamia banda la abiria. Na kulala hapo ndiko kulikonifundisha kazi, maana alfajiri ngamia huja kujilaza barabarani kana kwamba wametandikiwa. Odhiambo akanipa filimbi. Haikupita muda nikawa naamka kabla yake.

Kisha asubuhi moja ndege ilikuwa inangojewa. Odhiambo alikuwa ameenda kumwambia sista wa dispensari kwamba kiwanja kiko sawa, ili sista awaambie wenye ndege kwa redio. Nikainua macho nikauona ule mfuko wa mlingotini. Uchafu wake! Vumbi, moshi, kinyesi cha kunguru. Nikasema moyoni, wageni watashuka waone mwana wangu anaishi hivi? Nikalegeza kamba, nikaushusha, nikaufua kwa sabuni ya kipande, nikauanika kwenye miiba.

Ndege ikaja. Ikazunguka, haikutua. Ikazunguka tena. Odhiambo huyo, mbio.

"Mama! Mfuko uko wapi?"

"Nimeufua."

"Umeufua?"

"Ulikuwa mchafu, na wewe una mama."

Akashika kichwa. "Rubani asipouona anajua kiwanja kimefungwa! Atarudi alikotoka! Na ndani yumo mkubwa wetu wa kazi!"

Huyo mkubwa, Baba Odhiambo, ndiye peke yake wa kutoa likizo. Mfuko ulikuwa umelowa, ungening'inia tu kama samaki kamongo aliyekufa. Nikafungua leso kiunoni. Ndani nilikuwa na gauni, usiwe na wasiwasi. Nikamwambia, "Funga hii." Akaipandisha, upepo ukaishika, ikanyooka vizuri kabisa. Na ndege ikatua.

Mkubwa akashuka. "Nani ametundika leso kwenye mlingoti wa serikali?"

Odhiambo akainama akaokota jiwe barabarani.

"Ni mimi, mama yake," nikasema. "Karibu, baba. Uji uko tayari."

Akanywa, akaongeza. Ndipo nikamweleza habari ya nyumba, na ya Okoth, na ya watu wa Oyugis. Akasikiliza, kisha akauliza, "Nikimwachilia huyu, mama, kiwanja atakilinda nani?"

"Mimi."

"Wewe uliyefua mfuko?"

"Sasa ni safi. Utauona kutoka mbali."

Rubani akadakia, "Kweli, mzee. Tangu nianze kuja hapa sikujua mfuko huo una rangi."

Mkubwa akacheka, lakini ndiyo hakusema. Papo hapo ngamia wakaingia barabarani. Akanitazama tu. Nikapuliza filimbi, nikamwendea yule jike mzee wa mbele. Ukimgeuza huyo, wengine wanafuata. Akiru ndiye aliyenifundisha. Wakatoka wote kabla uji haujapoa.

"Haya," akasema. "Mwezi mmoja. Na usifue kitu kingine."

Kwa hiyo inua macho umtazame mwanao. Nilimwambia akupe barua hii langoni na asiseme neno mpaka umalize, ndiyo maana amesimama hapo kama mgeni. Mwonyeshe pahali pa kujenga. Aingie na mke wake, moto uwashwe, kisha Okoth naye ashike jembe ajenge yake. Usimweke zaidi ya mwezi.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie mjukuu wetu ana masikio yake. Nisalimie mke mwenzangu, asiache kuku wangu waingie kwake. Okoth mwambie amalize wavu.

Na lile swali lako, mimi niko wapi? Niko kazini. Leso ile ndiyo aliyobebewa mtoto mgongoni mwa Akiru. Mpokee mjukuu wako ndani yake.

Mkeo akupendaye, mkuu wa kiwanja cha ndege,
Mama Odhiambo