Shujaa wa Kichina na Ngazi ya Patron

Yaya Béa, dada yangu mkubwa,

Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, bado unafundisha watoto themanini katika chumba kimoja? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii.

Uliniuliza kama bado nasoma vile vitabu vya mashujaa wa Kichina ulivyonisomea utotoni. Nasoma. Wewe ulisema shujaa ni yule asiyesahau fadhila: mwalimu aliyemwokota na kumfundisha upanga, atamtii mpaka kaburini. Nilikubali. Sasa nasitasita.

Jumatatu MaDlamini, mama anayesafisha ghala letu hapa mjini Durban, alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono. Kidato kimoja kilikuwa kimeoza. Nilikuwa nimemwambia Patron, bosi wetu, mara mbili. Jana akaniita niandike ripoti ya ajali.

“Andika alipanda bila ruhusa.”

“Lakini Patron, ni wewe ulimtuma.”

“Eish, mdogo wangu! Nani alikutoa Isipingo ulikokuwa unalala chini? Makaratasi yako iko sawa sababu ya nani? Kweli, fadhila ya punda!”

Ni yeye kweli. Bila barua yake ya kazi, sijui kama kibali changu cha kuishi hapa kitaongezwa muda. Lakini nikiandika anavyotaka, MaDlamini atafukuzwa na mkono wake ungali kwenye plasta.

Nimevifikiria tena vile vitabu. Mwanafunzi anapogundua kwamba mwalimu wake ametenda uovu, hutoa damu yake, hata kuacha ujuzi wote aliofundishwa. Hulipa kwa kilicho chake. Hakuna shujaa anayelipa fadhila kwa mwili wa mtu mwingine. Hapo ndipo tulipokosea, yaya. Mimi naweza kumpa Patron kazi yangu na kibali changu. Mkono wa MaDlamini si wangu kuutoa.

Basi nimeandika ukweli, nikatia sahihi. Usidhani ni ushujaa. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Msalimie mama, lakini usimwambie bado. Msalimie na shemeji, na mjomba fundi cherehani. Mniombee.

Patron anafika saa mbili asubuhi. Sitaiacha ripoti mezani nikakimbia. Nitainama, nimpe kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa aliyetulea.

Mdogo wako,
Fabrice