Ukurasa wa Pili wa Barua ya Mjomba

Nyumbani kwa Mjomba,
Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Tak. Ndiyo hiyo tu. Ni sauti ya lenzi inapoingia kwenye fremu ya miwani na kukaa sawasawa. Si sauti kubwa. Mtu akikohoa chumba cha pili hutaisikia. Unaipasha fremu moto kidogo, unaishika kwa vidole gumba viwili, unasukuma huku umebana pumzi, halafu tak, na unajua bila kuambiwa na mtu kwamba hiyo haitoki tena. Mara ya kwanza niliisikia ikitoka mikononi mwangu mwenyewe miezi minne iliyopita, na tangu siku hiyo inanifuata hadi kazini, katikati ya ngurumo za mashine za kufulia mashuka. Nisamehe kwa kuitanguliza mbele ya salamu. Ilikuwa inanidai nafasi.

Basi shikamoo, Mama Mdogo. Goti lako linasemaje? Bado unapanda ngazi za shule ukizisema vibaya moja moja? Na macho je? Kila ninaposhika fremu kubwa nyeusi naikumbuka ile miwani yako niliyoikalia nikiwa darasa la tatu, nikakudanganya kwamba paka ndiye aliyeivunja, ilhali hatukuwa na paka. Wadogo zangu hawajambo? Nasikia yule wa mwisho sasa anabishana na walimu. Mwache, damu hiyo naijua.

Sisi huku ni wazima. Mjomba ana afya ya chuma anachokichomelea, ingawa analalamika juu ya baridi kana kwamba alitumiwa yeye peke yake. Mimi sijawahi kuwa mzima hivi mwaka huu wote. Ukiona mwandiko unakimbia, ujue mkono unashindwa kuufikia moyo.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, na sikuijibu kwa sababu ilinikuta pabaya. Uliniandikia: "Mwanangu, chuo kitakuwepo hata kesho, kwanza pata uraia. Na wakikuuliza kama umesomeshwa na serikali yao, sema hapana, usijitie kitanzi." Niliisoma nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Wewe uliyenisimamisha mbele ya darasa zima kwa kuchungulia karatasi ya jirani! Nikajua kwamba kama na wewe umefika hapo, basi hofu hii imevuka mipaka bila kibali.

Nikukumbushe jinsi mambo yalivyo. Mafunzo haya ya ufundi wa miwani serikali ya hapa inawalipia wageni wenye kibali cha kukaa. Ni mwaka mmoja, asubuhi tatu kwa wiki, nusu ufundi na nusu lugha na sheria za nchi. Mchana naingia zamu yangu ya kufua. Upande wa pili kuna uraia. Unajua ninachoutakia. Miaka sita sijakuona, kwa sababu kibali changu hakiniruhusu kukaa nje zaidi ya wiki tatu, na kila mwaka naomba upya ruhusa ya kuendelea kuwa mahali nilipo. Mwenye uraia anakwenda na kurudi kama mtu na nyumba yake. Na ombi likikataliwa, unakaa miaka mitatu ndipo uombe tena. Kwa hiyo fomu ile si karatasi. Ni miaka mitatu ya kukuona au kutokukuona.

Mtaani kwetu fomu hizo zinajazwa na kinyozi. Tunamwita Wakili. Sheria hakuisomea hata siku moja, ila ana mwandiko mzuri, na anajaza fomu za watu kati ya kichwa kimoja na kingine, penseli ikiwa sikioni. Mwezi wa nane nilimpelekea yangu.

"Swali la ishirini na tatu," alisema, mkono mmoja ukiwa kwenye kisogo cha mteja. "Umewahi kupata mafunzo kwa gharama ya serikali? Hapana."

"Lakini ninayapata sasa hivi, kaka."

"Dada yangu, wewe ndiye uliyesoma, mimi ndiye niliyekaa nchi hii. Ukiandika ndiyo wanakutia kwenye daftari la ombaomba. Nani anampa ombaomba uraia?"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, dereva wa lori, akadakia bila kugeuza shingo, maana wembe ulikuwa karibu: "Kamuulize mjomba wako."

Kisa cha Mjomba unakijua. Alisomea uchomeleaji kwa gharama ya serikali, akaomba uraia pamoja na rafiki yake ambaye hakusoma chochote. Rafiki akapewa, Mjomba akanyimwa. Tangu wakati huo, miaka kumi na moja sasa, mtaa mzima unamtaja kama ushahidi. Mama akitaka kumzuia mwanawe asijiandikishe chuo, anamnyooshea Mjomba kidole.

Nikaogopa, Mama Mdogo. Nakwambia wewe kwa kuwa sikumwambia mtu. Kwa wiki mbili nilitoka asubuhi na mkoba wangu kama anayekwenda darasani, nikaenda kukaa maktaba karibu na dirisha, nikaikunjua fomu na kuikunja. Nilijaribu kujiona nikifua mashuka hadi uzeeni, raia mwenye mikono iliyochujuka. Nilijaribu pia kujiona nikiwa fundi miwani asiye na nchi. Pande zote mbili nilikuwa nalia, na mlinzi wa maktaba akaniletea karatasi za kufutia pua bila kuuliza.

Siku ya kumi mkufunzi wetu alinipigia simu. Ni mama mfupi mwenye miwani tatu, moja usoni, moja kifuani, moja kichwani, na bado husema haioni.

"Umeumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeolewa?"

"Hapana!"

"Basi huna udhuru. Njoo unieleze."

Nikaenda, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akifuta lenzi na upindo wa koti. Akasema: "Mimi ni mtu wa macho, uraia siujui. Ila barua za serikali nazijua. Hawamnyimi mtu kitu bila kumwandikia sababu. Mjomba wako aliandikiwa. Hiyo barua umeisoma?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ninayesoma hadi maandishi ya nyuma ya boksi la sabuni, barua iliyokuwa inaniongoza maisha sikuwa nimeiona hata bahasha yake.

Jumamosi ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Mjomba alikuwa anapiga pasi mashati yake ya wiki. Nikamwomba.

"Ya nini kufukua kaburi, mama?"

"Nataka kumwona maiti, Mjomba."

Aliguna, akaenda kuvuta sanduku chini ya kitanda. Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika kama njia za panya. Aliniambia kwamba siku ilipofika aliipeleka kwa Wakili, yule yule aliyemjazia fomu. Wakili alikuwa na mtu kitini, akasoma mstari wa kwanza, "tunasikitika kukujulisha," akatikisa kichwa na kusema, unaona, ni kile chuo. Mjomba akaikunja papo hapo. Hajaifungua tena.

Nikaisoma. Upande wa kwanza ulikuwa wa masikitiko na namba za vifungu. Nikageuza. Mama Mdogo, nyuma kulikuwa na ukurasa wa pili! Pale pale, mgongoni mwa karatasi, miaka kumi na moja!

Nakuandikia ukurasa huo ulivyosema, kwa maneno yetu. Ombi limekataliwa kwa sababu mwombaji alijibu "Hapana" kwenye swali la mafunzo, wakati kumbukumbu za chuo zinaonyesha alihitimu. Mafunzo yenyewe hayampunguzii mwombaji chochote. Cheti chake kingemwondolea hata mtihani wa lugha. Anaweza kuomba tena baada ya miaka mitatu.

"Soma tena," alisema Mjomba.

Nikasoma tena.

"Hapo pa mwisho. Soma tena hapo."

Nilipomaliza mara ya tatu tukasikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la kijani, na shati lilikuwa limeshapata dirisha mgongoni. Mjomba aliliinua, akanichungulia kupitia kwenye lile tundu, na mtu huyo ambaye sijapata kumwona akilia akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Miaka minane iliyopita ningeshaomba," alisema. "Nimenyolewa bila maji, mpwa wangu, na kinyozi ninamjua."

Akavaa viatu. Nikamkimbilia kwenye ngazi, nikidhani anakwenda kupigana.

Kwa Wakili kulikuwa kumejaa. Mjomba hakumpigia mtu kelele. Alinipa karatasi tu akasema, "Wasomee, mama. Upande wa pili." Nikasimama kati ya vioo viwili, mimi mnayeniita Bi Kimya, nikasoma kwa sauti hadi mwisho. Mashine ya kunyolea ilizimwa. Dereva wa lori, ambaye nadhani anaishi kwenye kile kiti, alisema, "Haya sasa."

Wakili alichukua barua akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Watu walianza kumshambulia. "Wangapi umetuandikia hapana?" "Sema!" "Fundi wa kuharibu!" Alitoa penseli sikioni, akaiweka juu ya kabati la taulo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mnadhani huu unyozi nilizaliwa nao? Nilisomea chuo kile kile, kwa gharama ile ile. Mimi mwenyewe sijaomba. Miaka kumi na minane naogopa hilo swali."

Mjomba, aliyekuja na hasira ya kutosha mitaa miwili, alikwenda akakaa kwenye kiti kitupu, akasema, "Haya, ninyoe. Na utumie maji." Mbavu zilituvunjika, hata Wakili mwenyewe. Lakini nilimwona kwenye kioo akijifuta macho na taulo la mteja.

Sikutaka tena kuamini cha kusimuliwa, hata kama kinanifurahisha. Jumatatu nilirudi darasani, na Jumatano nikaenda ofisi ya uhamiaji nikapanga foleni na barua ya Mjomba mkononi. Karani alikuwa baba mwenye koti lililochakaa viwiko. Aliisoma pande zote mbili, nikampenda kwa hilo tu. Akasema: "Kusoma si kosa, binti. Tunachokataa ni kudanganywa." Cheti cha lugha na sheria kinahesabika, kweli kabisa, na wanaruhusu kifuate baadaye mtu akihitimu. Waliokwisha kuandika "Hapana" wanaweza kuleta barua ya kusahihisha kabla ombi halijaamuliwa. Nilipomuuliza kama basi nitapewa, alitabasamu. "Hilo siahidi. Jibu ni miezi tisa."

Lipo jambo moja zaidi, na ndilo lililonikosesha raha. Anayejibu "Ndiyo" anatakiwa aeleze na siku alizokosa masomo, zikizidi tano, na sababu yake. Mimi nilikosa wiki mbili nzima, na sababu yake ni woga. Mjomba aliponisikia, furaha yote ikamruka. "Za utoro usizitaje," aliniambia. "Tena ngoja. Acha yangu itangulie. Nikinyimwa mimi ni mzee, nimezoea." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu ameumwa na karatasi. Simlaumu. Nilimwambia nitafikiri, na usiku ule nilifikiri kweli, nikaona kwamba kilichomweka nje miaka yote hiyo ni jibu moja dogo lililofichwa kwa nia njema. Sikutaka kuanza na langu.

Salamu nazitanguliza hapa, kwa sababu lililobaki nataka ulisome ukiwa umekaa. Nisalimie Baba Mdogo, umwambie mkanda alionipa bado unafunga. Wasalimie wadogo zangu wote, na yule mbishi mwambie abishe kwa hoja. Bibi mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie kwa sauti ya juu kwamba mjukuu wake anatengeneza macho ya watu. Mjomba anasema dada yake usiwe na wasiwasi naye, anachukua picha za pasipoti kesho. Mungu akulinde, akupe goti jipya na subira ya zamani.

Sasa lenyewe. Sikungoja ushauri wako, Mama Mdogo, wala wa Mjomba. Ijumaa, saa nne asubuhi, nilirudi kwenye dirisha la yule karani na fomu mpya niliyoijaza kwa wino, kwa mkono wangu. Swali la ishirini na tatu nimejibu Ndiyo. Kwenye mistari ya maelezo nimeandika jina la chuo, siku niliyoanza, na zile wiki mbili nilizotoroka, na kwamba nilitoroka kwa sababu niliogopa swali hili. Alisoma, akarudia kusoma, akagonga muhuri wa kupokelewa, akanipa kipande cha karatasi chenye namba yangu. Ukitaka kunikanya, umechelewa. Ukitaka kuniombea, bado una miezi tisa.

Ni mimi nikupendaye mbali na karibu,
mwanao,
Bi Kimya