Nilimsomea Mama Jina Ambalo Halikuandikwa

Mshauri wangu mpendwa Dada Pan, naomba unisaidie kwa sababu nimefika mwisho, nakusikiliza redioni kila siku nikichora batiki na sikuwahi kudhani ningekuja kuwa mimi ndiye ninayelia kwako.

Mimi ni Mgejia wa huku Huangping, na kama ujuavyo sisi hatumo katika yale makabila hamsini na sita yanayotambuliwa na serikali ya China, tuliandikwa Wamiao, kabila la jirani zetu, na vitambulisho vyetu vinasema hivyo, jambo ambalo marehemu baba hakulikubali mpaka anaingia kaburini, kwani alikuwa kijana watu wa serikali walipokuja kuuliza sisi ni nani, akawazungusha vijijini, akawaimbia nyimbo za mababu, akawaonyesha kofia za wasichana wetu, nao wakaandika, wakashukuru, wakaondoka, na jibu likaja kwamba ni Wamiao. Kitambulisho chake alikiacha hukohuko ofisini. “Hicho ni cha mtu mwingine,” alisema, na kwa kukikosa akashindwa kupanda treni kwenda kumzika mdogo wake Guangdong.

Mama ana miaka sabini na minane, hajui kusoma, lakini kwa kuchora kwa nta hapa kwetu hana mpinzani, na mwaka huu jumba moja la maonyesho mjini Guiyang likaomba ile mbeleko aliyonibebea mimi nikiwa mchanga, nikasaini waichukue. Siku ya ufunguzi mama akavaa nguo zake nyekundu na nyeupe, tukasimama mbele ya kioo, wapiga picha wametuzunguka, akanivuta mkono.

“Nisomee. Wametuandika?”

Kilichoandikwa ni mbeleko ya Wamiao. Nikamtazama usoni, nikashindwa.

“Wametuandika, mama.”

“Jina letu lenyewe?”

“Lenyewe.”

Akakigusa kile kioo kwa kiganja, akatabasamu kwa namna ambayo sijamwona nayo tangu baba afe, na tuliporudi akachukua pombe ya mchele na wali wa kunata akaenda kaburini kumwambia baba kwamba jina limetoka, nami nikamtazama akipanda mlima nikanyamaza.

Habari ikaenea, majirani wakataka kuona kwa macho yao, nikasema wanakarabati, nikasema pamefungwa, mwisho baada ya kuvuna mpunga wakakodi basi dogo, tukaenda nao mimi na mama, na pale mbele ya kioo Mwalimu Lei mstaafu akasoma kwa sauti kama yuko darasani. “Mbeleko ya Wamiao.”

Mama akamuuliza, “Mwalimu, hiyo miwani unaona nayo kweli?”

“Naona, shemeji.”

“Soma tena.”

Akasoma tena. Mtu mmoja nyuma akacheka, “Kumbe tumesafiri kote huku kuja kutazama kitambulisho!”

Tukarudi nyumbani na mama. Asubuhi akaenda kaburini peke yake, mikono mitupu, aliporudi akauzima moto wa nta na hajauwasha tena, na tangu siku hiyo, Dada Pan, hanisemeshi kwa lugha yetu, ananisemesha kwa Kichina cha sokoni, kile anachowaambia wateja. “Karibu chakula, dada,” ananiambia. Mimi, mwanawe! Nikimpigia mwanangu aliye chuoni anasema, “Mama, acheni hayo, Umiao ndio ulioniongezea zile alama za makabila madogo nikaingia chuo,” na ni kweli, nikakata simu. Je, nimfuate mume wangu anayefanya kazi kiwandani Zhejiang nimwondolee mama uso wangu? Au nikubali tu kwamba sisi tumekwisha?

Liao Guiyin

JIBU LA DADA PAN

Dada Guiyin, pole. Nimeshasema pole, sasa nisikilize.

Pale mbele ya kioo wengi tungeteleza. Lakini alipobeba pombe kwenda kaburini, mdomo wako ulikuwa wapi? Ulimwacha mama yako akamdanganye mumewe, mtu aliyekosa mazishi ya ndugu yake kwa ajili ya jina hilohilo! Halafu unashangaa kuitwa dada. Mama yako ukamfanya mtoto mdogo asiyeweza kuambiwa kitu, mtu aliyeishi na habari hiyo mbaya tangu hujazaliwa.

Mimi ni Mmiao wa Taijiang. Jina hilo ni langu na nalipenda, kwa hiyo sitajifanya nayajua machungu yenu. Ninachojua ni kwamba bibi yangu angecheka kuambiwa mbeleko hiyo ni yetu.

Nilipiga simu huko maonyesho. Aliyepokea alikuwa binti mpole. “Mama, kwenye kompyuta mimi nachagua tu kabila, siandiki mwenyewe. La kwao halipo. Naweza kuweka Miao, au wengineo.” Nikamuuliza, hao wengineo ni akina nani? “Sijui, mama. Sijawahi kuwachagua.”

Basi matumaini nisiyokuwa nayo sitakupa. Sioni jina hilo likitoka mama yako akiwa hai, na labda hata wewe. Mwanao msimsimange, alama zimeshamwingiza chuoni, mwacheni asome.

Zhejiang usiende. Huko si kumwondolea mama uso wako, ni kukimbia. Wewe ndiye uliyesaini, basi una haki ya kuidai mbeleko. Lakini usiende kimyakimya ukaileta kama zawadi ya kumbembeleza. Muulize kwanza: irudi au ibaki? Akisema irudi, mpande basi wote wawili mkaichukue. Akisema ibaki, ibaki, hata kama wewe inakuuma. Safari hii ataamua yeye.

Na usithubutu kumwomba radhi kwa Kichina. Akikuita dada, itika kwa lugha yenu. Akikukaribisha chakula kama mteja, kaa, kula, shukuru kwa lugha yenu, mweleze mpunga umekuwaje, jirani kasema nini. Huenda asikujibu mwezi huu. Huenda asikujibu kamwe. Hana deni la kukusamehe. Wewe msemeshe tu. Katika nyumba hiyo mmebaki wawili mnaoijua lugha hiyo, na mmoja ameshanyamaza.