Foleni ya Kodi Uwanjani Kasulu

Kasulu, mwezi wa tano, 2015

Mama yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Rehema, kwa hiyo nawe Rehema pokea salamu za kaka yako, usome polepole, na usiruke mahali utakapoona panauma. Mama, mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeificha chini ya mto kama zile za mwanzo? Sisi huku wazima. Tumu yuko darasa la tatu na mdomo wake umepanda darasa zaidi yake. Mkaza mwanao Hadija amepata nafuu ya kifua tangu alipotibiwa hospitali ya Kabanga. Mvua tu ndiyo haijui kupumzika. Barabara ya Kibondo imekuwa matope matupu, na marobota yangu ya vitenge yalilala njiani mpaka yakanuka ukungu.

Ijumaa nilipokupigia ulisema sauti yangu haiko sawa, nikasingizia mtandao. Haukuwa mtandao. Nina jambo limenikaa kooni, nalo si la kusema kwa simu, maana vocha ingekwisha tungali kwenye salamu. Barua hii nampa Mzee Hamadi anayeshuka Tanga kufuata mzigo. Ni habari ya Nestori.

Nestori unamjua ingawa hujamwona. Ndiye fundi cherehani wa kwenye baraza ya duka langu, aliyekushonea lile dera la kijani la Idi, ukashangaa kakupimia wapi. Nilimwonyesha upana wako hewani kwa mikono, akacheka, akakata. Na kila anaponiona nimeshika kalamu huinua kichwa na kusema, "Mwandikie mama, fundi anamsalimu." Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akazaliwa hapa hapa Munanila, na cheti cha uraia anacho, kina picha yake. Mkewe Godeliva hana. Godeliva alikuja baadaye, kwa vita nyingine, na karatasi zake hazikuwahi kukamilika. Rehema, hapo parudie, maana mambo yote yameanzia hapo.

Sasa nikueleze ya kodi, usisinzie. Miaka yote niliyokaa huku, kodi ya mapato imekuwa homa ya kila mwanzo wa mwaka. Unapewa makaratasi ya Kiingereza, kila swali limezaa maswali mengine. Mimi niliyemaliza kidato cha nne niliwahi kutia sahihi mahali pa afisa, nikawa nimejikagua mwenyewe na kujipitisha. Sasa mama muuza mawese asiyejua kuandika jina lake afanye nini? Anamtafuta kishoka, kijana wa mjini mwenye kalamu na maneno mengi, anamjazia atakavyo, na makadirio yanarudi makubwa kuliko genge lenyewe. Wengi waliona heri wafunge biashara wakimwona mtu mwenye faili.

Mwezi wa pili akaja afisa mpya, kijana wa Kipare, Ombeni, mpole, anaamkia hata wachuuzi. Alikuja na karatasi moja tu, upande mmoja, Kiswahili kitupu: unauza nini, unauzia wapi, mauzo yako kwa mwezi ni kiasi gani. Asiyejua kuandika anasema, anaandikiwa. Unaweka dole gumba, unapigwa picha, unapewa namba yako ya mlipa kodi, unakwenda zako. Hakuna nauli ya kufuata ofisi, hakuna kishoka. Mama, nilifurahi kama mtu aliyetolewa jino bovu. Nikawa mpiga debe wake, kila mteja lazima asikie.

Siku moja Sudi akanipigia kutoka Kibondo. Unamkumbuka Sudi, mwenzetu wa Tanga mwenye duka la vyombo. Akasema, "Bakari, hao watu wako wa kodi rahisi wamepita huku siku ya gulio. Soko limekuwa tupu kabla ya adhuhuri. Watu wameacha ndizi chini."

Nikamwambia nani anapenda kodi, nikacheka. Sudi hakucheka. Akasema, "Ndizi, Bakari. Zimeliwa na mbuzi." Kisha akakata.

Kwetu Ombeni akachagua uwanja wa mpira. Yote aliyoyafanya aliyafanya kwa wema, hilo naliapia. Hakutaka vikongwe wachomwe na jua, akasimamisha hema jeupe. Hakutaka watu wasukumane, akafunga kamba kwenye vigingi, vichochoro viwili, kuingia na kutoka. Gari la kipaza sauti likazunguka kata zote likitangaza watu waje kijiji kwa kijiji, kila mmoja asubiri jina lake lisomwe.

Kutoka barazani kwetu uwanja unaonekana. Nestori alikuwa anashona sare za shule, nikasikia cherehani imenyamaza.

"Baba Tumu, zile kamba za nini?"

"Za foleni, watu wasikanyagane."

"Na hema?"

"Kivuli."

"Kwenye karatasi wanauliza umezaliwa wapi?"

"Wanauliza. Kila karatasi inauliza. Wewe una cheti, unahofu nini?"

Akamaliza mstari mzima wa mshono ndipo akanijibu. "Domitila naye aliambiwa ni kivuli."

Domitila ni dada yake Godeliva. Aliishi katika ile kambi ya wakimbizi iliyofungwa mwaka 2012. Nestori alinieleza taratibu, mguu wake ukiwa juu ya pedali bila kuikanyaga. Domitila na wenzake waliitwa uwanjani. Kulikuwa na hema jeupe, kamba, meza, wino wa dole gumba, na mtu mpole wa kuuliza umezaliwa wapi. Waliambiwa ni kuweka kumbukumbu sawa tu. Baadaye kipaza sauti kikasoma majina, na baada ya majina yakaja malori, wakarudishwa Burundi na magodoro yao.

"Sisi tukihesabiwa, Baba Tumu, nyuma yake ni lori," akasema. "Sijaona siku isiyokuwa hivyo."

Nikamwambia hii ni kodi, ni mambo ya biashara, lori la nini. Akasema, "Ego," ndiyo ya kwao huku, akarudi kwenye sare zake. Nikadhani tumeelewana.

Siku yenyewe ilipofika, Mama, sijapata kuona mji umenyamaza vile mchana kweupe. Tulifika wenye maduka na walimu wawili wenye vibanda vya pembeni. Kina mama wa ndizi hawakuja, wa mawese hawakuja, wa maharage kutoka Muyama hawakuja. Hata Waha wenyewe, wenye mababu waliozikwa hapa, walikaa majumbani, kwa sababu jirani akifunga mlango nawe unafunga kwanza, kuuliza baadaye. Kipaza sauti kikasoma majina, jina baada ya jina, na hakuna aliyeitika. Yalikuwa yanasomwa mbele ya kamba tupu. 

Jioni Ombeni akaja dukani amekunja uso, akapewa chai. "Nimekosea wapi?" akatuuliza. "Nimewarahisishia kila kitu."

Hadija akamjibu, na unajua Hadija hapambi maneno. "Karatasi umeirahisisha, baba. Uwanja je? Hawa hawaogopi kodi, wanaogopa kuhesabiwa. Ng'oa hilo hema. Kaa hapa barazani kwetu, au mfuate mtu pale pale anapouzia, umuulize habari za watoto kwanza. Watasema wenyewe."

Kijana akasikia. Kesho yake hema likang'olewa, akaanza kuzunguka na karatasi zake kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaandika, akacheka na watu. Yule mama wa mawese alijibu kila swali, kisha akamuuzia lita mbili. Sikuwahi kuona kodi ikienda laini namna ile.

Lakini kiti cha Nestori kilikuwa kimebaki wazi tangu asubuhi hiyo. Jana yake, siku ya kipaza sauti, alimaliza sare zote, akazipiga pasi, akazipanga kwa majina ya watoto. Akaitia mafuta cherehani, akaifunika. Akaniambia anakwenda Munanila kumsaidia mama yake kupalilia maharage. Maharage yenyewe yalikuwa yamekwisha kupaliliwa, hata mimi nisiyelima nilijua. Nilimwitikia tu, maana macho yake hayakutaka kuulizwa.

Nilingoja arudi, hakurudi. Nikapanda pikipiki hadi Munanila. Mama yake nilimkuta anapembua maharage mlangoni. Nilimsalimu "Mwakeye" yangu ya kuungaunga, akanionea huruma, akanijibu kwa Kiswahili.

"Wamevuka. Wako kwa Domitila."

"Wote?"

"Na watoto. Alisema lori likija litamchukua Godeliva na watoto, yeye watamwacha na cheti chake. Akasema heri waende kwa miguu yao, pamoja." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na cheti chake. "Aliogopa kukutwa nacho huko ng'ambo. Kaa nacho wewe. Hapa panavuja."

Nikakichukua, Mama. Nikakiweka dukani nyuma ya vitenge vya juu kabisa. Nikajipa moyo kwamba watakaa kidogo, watasikia huku hakuna lori lolote lililokuja, watarudi.

Kisha ukaingia mwezi wa nne na redio ikaanza kusema mambo ya Burundi, maandamano na risasi. Wewe huko ulisikia, ukanipigia. Kwanza walivuka wachache kwa njia za mashambani, baadaye kwa mamia, halafu ikawa hata kuwatazama ni kazi. Mabasi yanawashusha Kasulu wapumue kabla ya kupelekwa kambini. Unajua wanashushiwa wapi? Uwanja ule ule wa mpira. Kuna hema jeupe. Kuna kamba kwenye vigingi, ya kuingia na ya kutoka. Kuna meza na wino.

Kila baada ya alasiri nilikwenda kusimama pale. Hadija alinikataza, akasema nitakuja kuona nisichotaka kukiona. Siku niliyomwona nilimtambua kwa futi yake ya kupimia, ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Amekonda, ndevu zimemjaa, kambeba mdogo wao mgongoni kama mwanamke. Godeliva nyuma yake na wale wakubwa wawili. Domitila sikumwona.

Nilimwita. Akageuka, kisha akageukia mbele.

Nikakimbia dukani, nikavuruga vitenge vyote, nikarudi na cheti mkononi. Walikuwa wamefika mezani. Nikamwambia dada wa pale, "Huyu ni raia. Cheti chake hiki, tazama picha. Ni fundi wangu, ni mtu wa hapa."

Dada hakuwa mbaya, amechoka tu. Akamwambia Nestori, "Kama wewe Mtanzania, toka kwenye foleni usimame kule. Hii ni ya wanaokwenda kambini." Akaonyesha ng'ambo ya kamba. "Mkeo naye ana cheti?"

Godeliva aliangalia chini. Nestori akakitazama cheti, akaitazama ile picha ya mtu mnene aliyenyoa vizuri, akanitazama mimi. Nilidhani atalia. Akasema kwa Kiswahili safi, kile cha barazani kwetu, "Simjui huyu bwana. Amenifananisha."

Akaweka dole gumba kwenye wino. Walipomuuliza amezaliwa wapi akataja kilima cha kwao Godeliva, mahali alipolala miezi miwili tu. Picha ikapigwa. Kipaza sauti kikasoma majina yao pamoja, yeye, mke na watoto, na lori likarudi kinyumenyume mpaka kwenye kamba. Alipandisha watoto kwanza.

Mama, mimi sijui sheria, lakini hili linaninyima usingizi. Dole lake gumba liko sehemu mbili sasa, kule linasema ni raia, huku linasema ni mkimbizi. Siku wakiyaweka mezani pamoja watamwita mwongo, na sijui watampeleka upande upi. Ombeni aliniuliza juzi yuko wapi fundi wa barazani, anataka kumwandikia namba yake, ni dakika chache tu. Nikamwambia amehama. Kuingia kambini ni mpaka kibali, nimekiomba, nimeambiwa nisubiri. Cherehani nimeiingiza ndani. Hadija anasema niikodishe kwa fundi mwingine, nami namwambia bado.

Nisalimie Mjomba Athumani anayeadhini, umwambie tasbihi yake nimeipata. Shangazi wa vitumbua mwambie Tumu bado anamtaja kila akinywa chai. Shemeji mume wa Rehema aache kuniomba vitenge vya mkopo, aje mwenyewe aone matope yetu. Wajukuu wote wapake mafuta kichwani kwa niaba yangu.

Hapa ndipo huwa naandika kwamba fundi anakusalimu. Nimeishika kalamu muda mrefu, barazani hakuna aliyeinua kichwa. Ukilivaa lile dera la kijani, mwombee.

Mimi mwanao,
Bakari