Hadithi Isiyosimuliwa Mchana

Bwera, 2 Novemba 1957

Mjukuu wangu Ketura,

Salamu. Mimi ni mzima, mgongo tu unasumbua, na usiulize zaidi maana hujaja kuukanda. Wewe je? Unakula huko Kasese, au unakula vitabu?

Barua yako nimeisoma. Mashindano ni Jumamosi, mafungu matano ya maswali, na mshindi mmoja tu ndiye anapata nafasi ya chuo cha ualimu. Baba yako mdogo Baluku anasema ukishindwa urudi uolewe, shule imetosha. Nimemwambia anyamaze kwanza.

Sasa sikia, niyajibu mafungu yako. Mwenye theluji ya mlima ni mungu wa wazee, Kithasamba, hilo hata mbuzi wangu anajua. Huyo Mgiriki wako aliyebeba mbingu mabegani simjui. Wanawake wa Kyarumba nao wanateremka mlima na kahawa kichwani kila wiki, na hakuna mwalimu anayewauliza majina. Vitu ambavyo mutu aliiga kwa wanyama: sema kichuguu. Mchwa wanatoboa matundu, joto linatoka. Mimi nilitoboa ghala langu vilevile, na mahindi yangu hayaozi. Ya Yayeri jirani yanaoza. Alama za siri: sema mafundo ya wapagazi wa Mpondwe, pale mpakani. Fundo moja kwenye kamba ya mgomba, njoo na mzigo. Matatu, karani wa forodha ameamka vibaya, rudi nyumbani.

Ya angani sina. Mrusi ametupa chuma juu. Kwani chini kumejaa?

Shinda.

Bibi yako, Vasta


Kasese, 10 Novemba 1957

Bibi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti. Mgongo umepoa? Mimi sina homa wala njaa, lakini moyo si mzima.

Jana tulianza wanane, tumebaki wawili. Kichuguu chako kilinipa alama zote. Lakini Eridadi, mtoto wa karani wa stesheni, ananizidi alama nne, na fainali ni tarehe thelathini.

Kosa lilikuwa kwenye fungu la hadithi za kubuni. Mwalimu Nasani, mwamuzi, alisema: "Haya binti, tusimulie juu ya kiumbe kisichokuwepo." Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa utosini. Nikanyamaza.

"Binti, tunakungoja."

Eridadi akacheka: "Bwera hawana hadithi, wana forodha tu!"

Nikakaa chini bila hata alama moja. Bibi, wewe ndiye uliyenifundisha: anayesimulia hadithi mchana, bibi yake hupofuka. Ningeyauza macho yako kwa alama nne? Na fainali nayo ni saa sita mchana. Nikinyamaza tena, Baba mdogo amepata harusi yake. Nifanye nini?

Mjukuu wako, Ketura


Bwera, 14 Novemba 1957

Ketura,

Mimi mzima, na macho pia. Salamu zimetosha.

Mjinga wewe! Wa kwanza kwa ujinga ni mimi, lakini mstari huu usiusome kwa sauti.

Ulikuwa na miaka sita. Nilikuweka shambani ufukuze nyani. Ukakaa na watoto wa Yayeri mnapiga hadithi, nyani wakavuna kabla yangu. Mimi mama yangu alinitisha kwamba nikisimulia mchana ningeota pembe. Wewe pembe hukuziogopa, ulizitaka! Ndipo nikasema macho yangu. Neno hilo nililitunga mimi, kwa mdomo huu, kwa hasira ya mahindi. Sikujua mutoto anaweza kulibeba miaka kumi na moja.

Leo nimelifuta. Na kwa kuwa wewe ni mbishi, saa sita hii nimekaa uani nikamsimulia mbuzi hadithi ya zimwi, mwanzo mpaka mwisho. Hakucheka. Sasa ndipo ninaandika. Tazama mistari: imenyooka au haikunyooka?

Simulia. Kwa sauti, huyo mtoto wa stesheni asikie.

Bibi yako anayeona, Vasta


Kasese, 1 Desemba 1957

Bibi yangu,

Nakusalimu kwa magoti, na leo magoti yenyewe yanacheza. Nimeshinda!

Eridadi aliulizwa ni mnyama gani aliyewekwa katika chombo cha pili cha Warusi. Akasema nyani. Nikasema mbwa. Kwenye alama za siri aligonga meza kama telegrafu ya stesheni, ta-ta-taa, watu wakashangilia. Nami nikafunga mafundo ya Mpondwe mbele yao, wakacheka mpaka Mwalimu Nasani akapiga kengele. Tukawa sawa, ikabaki hadithi. Saa sita.

Nikasimama. Nikasimulia habari za zimwi linalokula majina ya watu. Likila jina lako, hata mama yako hawezi kukuita. Likala kijiji kizima. Kisha likakutana na mwanamke wa Kyarumba na gunia lake la kahawa. Likamtafuta jina, halikulipata, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Likafa kwa njaa miguuni pake. Ndipo mwanamke akatua gunia akajitaja mwenyewe, kwa sauti.

Bibi, ukumbi mzima uliruka juu. Viti vikaanguka. Nimemzidi Eridadi alama saba. Chuo kinafunguliwa Januari. Je, Baba mdogo atakubali?

Mjukuu wako, Ketura


Bwera, 5 Desemba 1957

Mjukuu wangu,

Mimi mzima kupita kiasi. Sauti tu imekauka. Barua yako nimeisoma mara moja nyumbani na mara tatu sokoni Mpondwe. Wapagazi walitua magunia. Karani wa forodha akasema, "Mama, unazuia lori." Nikamwambia, "Lingoje! Mutoto wangu ameshinda Kasese yote."

Baluku alikuja na maneno yake, eti wakwe wameshaahidiwa. Nikamwuliza mbele ya watu: "Wewe umeshinda nani?" Akaenda kuwaambia wakwe wasingoje. Jana amekuletea sanduku la bati la kwenda nalo chuoni. Amelipaka rangi mwenyewe, rangi mbaya sana. Usimwambie.

Januari napanda lori la dereva Zubairi mpaka Kasese, na kutoka hapo nakusindikiza hadi mlangoni pa chuo. Mkuu wa chuo ajiandae. Nina maswali yangu.

Bibi wa Mwalimu