Faranga za Mahari Kwenye Dumu la Asali

Mke wangu Zuhura, marahaba, najua umeniamkia huko uliko. Huku Kwihara wazima. Mbuzi wa bibi yako kazaa mapacha, hatupumui kwa maringo yake.

Umeuliza ukirudi uzifiche wapi hela za huko. Usimsikilize baba yako, kisa changu wote wanakikosea. Mimi faranga za kibarua cha Burundi, mahari yote ya bibi yako, nilizifunga kwenye nailoni nikazitumbukiza kwenye dumu la asali. Mwizi gani angewaza? Nailoni ikavuja. Mpakani mbadilisha fedha akazishika, zikamganda vidoleni.

"We Mnyamwezi, hizi hela au kashata?"

Akazikataa. Nikamwona bibi yako anaolewa na yule mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyekuwa akimposa pia. Akili ikanijia: nikaomba maji ya vuguvugu kwa muuza chai, nikaziosha, nikazianika. Zilipokauka, yule yule akazipokea. Mpaka leo najiuliza, zikinata si hela, zikioshwa hela. Nani huwa anaamua?

Wewe zifunge kiunoni, ubadilishe kidogo kidogo.

Ila lile wazo la maji ya vuguvugu lilikuwa la mbadilisha fedha mwenyewe. Bibi yako asijue, ndilo lililomfanya anikubali.

Babu yako