Nimeomba Ziwa Lifungwe Tena

Mshauri mpendwa, nishike mkono, maana moyo wangu una raha na majonzi kwa pamoja. Mimi ni bi harusi mpya hapa Ilagala, mume wangu Bonifasi ni mvuvi wa dagaa, na tulifunga ndoa wakati ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, jamani, watu wanalia hali ngumu sisi tuko peponi, asubuhi sala, jioni rozari, tumeshikana mikono, nikaijua ile amani ya Kristo inayohubiriwa, maana Bonifasi akisema "Amina" mimi nayeyuka. Sasa ziwa limefunguliwa, kila jioni anabeba taa zake anaondoka, na amani inapanda mtumbwi pamoja naye, ni mbalamwezi tu inayonirudishia mume kwa kuwa dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka. Basi kwenye jumuiya nikasali kwa sauti, "Ee Bwana, lifunge ziwa tena," kumbe waume wa wale akina mama wote ni wavuvi, hakuna aliyeitikia, na mwenyekiti wetu, Mama Verediana, akasema, "Bi harusi, hayo mapenzi yako tuyaunge kwa mawese tuwape watoto?" Tangu siku hiyo salamu sipewi, mtumbwi ukitoka najifungia ndani nalia. Je, nihamie jumuiya inayoelewa mapenzi?

Bi Harusi, Ilagala

Bi Harusi, hongera kwa ndoa, na pole kwa jumuiya yako. Umeomba watoto wa wenzako wakose kitoweo ili wewe ushikwe mkono, halafu unashangaa kukosa "Amina"! Hata mimi ningekohoa tu. Na huyo Bwana unayemwomba, marafiki zake wa kwanza walikuwa wavuvi. Ulitegemea akusikilize?

Ulichoonja miezi ile ni fungate, mdogo wangu, usimsingizie Kristo. Amani yake walikuwa nayo hao akina mama, waliopika ugali wa muhogo na majani matupu na bado wakaja kusali.

Lakini kilio hicho mtumbwi ukitoka nakisikia kina hofu, nayo naielewa. Ziwa likichafuka, hakuna mke wa mvuvi anayelala. Ndiyo maana huhami: hao hao ndio wanaoijua hofu hiyo. Jumuiya ijayo wahi, umwombe radhi Mama Verediana kwanza, Mungu baadaye, maana mama ndiye aliyekasirika zaidi. Mitumbwi ikitoka, acha kujifungia, kasali rozari nao. Alfajiri mitumbwi ikirudi, shuka mwaloni inapotia nanga, na beseni, mwanike dagaa pamoja. Omba upepo utulie na nyavu zijae, uone kama "Amina" haitasikika mpaka ng'ambo, Kongo.

Mbalamwezi usiiombee. Hiyo Mungu alishakupangia kila mwezi, kabla hata hujamjua Bonifasi.